Kijana amehitimu sekondari Marekani: je, yu tayari kwa chuo cha jamii?

Familia za Waswahili zilizoko Marekani ni za aina nyingi. Wapo waliotoka Unguja na Mombasa kwa hiari yao wakitafuta riziki, na wapo waliotoka Kongo wakikimbia vita, wakakaa miaka katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kupelekwa ng'ambo. Watoto wao wanasoma katika shule za serikali za huko, na kila ifikapo mwezi wa Mei, vijana wanapokaribia kuvaa majoho ya kuhitimu darasa la 12, simu huanza kulia huku kwetu. Jamaa huombwa dua, na pengine huombwa ushauri pia. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, na ada ya makatibu ni kuletewa kila karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza, hata iliyopigwa picha ikatumwa kwa simu kutoka nchi ya mbali. Karatasi zinazohusu vyuo vya jamii nimeletewa mara kadhaa, na swali linalokuja nazo ni lile lile: kijana amefaulu sekondari, mbona chuo kinasema hajawa tayari?

Chuo cha jamii, kwa wasiokijua, ni chuo cha umma cha miaka miwili. Kikongwe kati ya vilivyopo ni kile cha Joliet katika jimbo la Illinois, kilichofunguliwa mwaka 1901, na jina lenyewe la chuo cha jamii lilienea baada ya tume iliyoundwa na Rais Truman kutoa ripoti yake mwaka 1947. Jimbo la California peke yake lina vyuo hivyo 116. Kijana husoma hapo miaka miwili akapata shahada fupi, kisha, akitaka, huhamia chuo kikuu na kuingia mwaka wa tatu. Ada yake ni ndogo kuliko ya chuo kikuu, na kijana huendelea kulala kwa wazazi wake. Kwa familia ya Kiislamu jambo hili lina uzito wa ziada, kwani wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya huko hujilipia masomo kwa mikopo yenye riba, na chuo cha jamii ni mojawapo ya njia chache za kusoma bila kuingia katika deni la namna hiyo.

Tena mlango wake u wazi. Aliyemaliza sekondari hupokelewa, awe na alama nzuri au za kuokoteza. Sisi tuliokulia katika mfumo wa kidato cha nne, ambapo daraja la mtoto hutangazwa siku moja na nchi nzima ikalisoma, tunaona hiyo ni rehema kubwa. Na kweli ni rehema. Lakini kupokelewa chuoni ni jambo moja, na kuruhusiwa kusoma kozi za chuo ni jambo jingine. Hapo ndipo familia nyingi hushtukizwa.

Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa huu. Kijana akishajiandikisha hupelekwa katika chumba chenye kompyuta, akafanyishwa mtihani wa kusoma, kuandika na hesabu. Mtihani unaojulikana zaidi ni Accuplacer, ambao alama zake kwa sasa huanzia 200 na kuishia 300. Hauna saa ya kumalizika. Maswali hubadilika kadiri mtu anavyojibu: akipata, linakuja gumu zaidi, akikosa, linakuja jepesi. Ulikuwapo mwingine ulioitwa Compass, nao wenyewe walioutunga waliuondoa mwaka 2016 baada ya kukiri kwamba haukuwa ukitoa matunda yaliyotarajiwa. Kijana huambiwa kwamba mtihani huu hauna kufaulu wala kufeli. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yamewaponza wengi. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya WestEd walizungumza na wanafunzi wa vyuo vya jamii vya California, wakakuta wengi walikwenda kuufanya bila kudurusu chochote, wala hawakujua kwamba matokeo yake yangeamua waanzie wapi na wakae chuoni muda gani.

Kwa nini yaamue? Kwa sababu aliyepata chini ya kiwango kilichowekwa na chuo hupelekwa katika kozi za maandalizi. Kozi hizo hulipiwa, huchukua muhula mzima, lakini hazihesabiki katika shahada. Na zilikuwa za ngazi: wapo waliowekwa ngazi moja chini ya hesabu za chuo, wapo waliowekwa mbili, wapo waliowekwa tatu. Tufanye hesabu ndogo. Tuchukue vijana 100 walioanzia ngazi ya tatu chini, na tuseme katika kila ngazi 70 kati ya kila 100 wanafaulu na kuendelea, jambo ambalo si baya hata kidogo. Baada ya ngazi ya kwanza wamebaki 70. Baada ya pili wamebaki 49. Baada ya tatu wamebaki 34, nao bado hawajaigusa hesabu ya chuo iliyowaleta. Hakuna mwalimu aliyefundisha vibaya hapo, wala hakuna darasa lililofelisha watu kwa wingi. Ni urefu wa ngazi tu.

Hesabu hiyo ni ya mfano, lakini hali halisi haikuwa mbali nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Thomas Bailey na wenzake wa kituo cha utafiti wa vyuo vya jamii kilichopo Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, ulionyesha kwamba chini ya nusu ya waliopelekwa katika kozi hizo walizimaliza, na kama asilimia 30 hawakujiandikisha hata katika moja. Na hapa pana jambo la kuzingatia: walioacha kwa kutokujiandikisha, ama mwanzoni ama baina ya ngazi moja na nyingine, walikuwa wengi kuliko walioacha kwa kufeli. Kijana aliyeambiwa kwamba hayuko tayari alirudi nyumbani akatafuta kazi.

Nina mfano ulionifikia. Mzee mmoja wa msikiti wetu ana binti aliyelelewa na mjomba wake katika jimbo la Ohio. Binti huyo alimaliza sekondari akiwa na alama nzuri za hesabu kwa miaka yote minne. Siku ya mtihani wa chuo alitoka moja kwa moja katika zamu ya usiku ghalani, akadhani anakwenda kujaza fomu. Akawekwa ngazi mbili chini. Mzee alipoleta karatasi ile nilishauri jambo moja tu, kwamba mjomba aende chuoni aulize kama wanapokea hati ya matokeo ya sekondari badala ya mtihani. Kumbe walikuwa wakiipokea, ila kwa mwenye kuomba. Hakuna aliyewaambia. Binti akapelekwa katika hesabu za chuo wiki ileile.

Hati ya matokeo ndiyo iliyobadilisha mjadala mzima. Mwaka 2012 watafiti wa kituo kile cha Columbia walitoa tafiti zilizolinganisha mtihani wa kompyuta na wastani wa alama za sekondari, ule unaoitwa GPA, ambao huhesabiwa kwa kipimo cha 4.0. Walikuta kwamba GPA hutabiri vizuri zaidi nani atafanikiwa chuoni. Walikadiria kuwa mtihani ulimweka pahala pasipomstahiki kabisa karibu mwanafunzi mmoja kati ya wanne katika hesabu, na mmoja kati ya watatu katika Kiingereza. Na kosa lililotokea zaidi lilikuwa la kuwashusha waliostahiki kupanda.

Msomaji aliyewahi kufundisha madrasa hatastaajabu. Mtoto akihamia kutoka chuo kingine, ustadhi hamweki pahala kwa kumsikiliza aya tatu asubuhi moja, pengine mtoto ana mafua au ana hofu. Humsikiliza siku kadhaa, humuuliza mwalimu aliyemtoa huko, hutazama kama anafika kwa wakati na kama anadurusu nyumbani. GPA ina kitu cha namna hiyo ndani yake. Ni ushahidi wa miaka minne wa walimu wengi, na humo mna kuhudhuria, kurudisha kazi, na kuvumilia somo lisilopendeza. Mtihani wa saa mbili haupimi uvumilivu.

Majimbo yakaanza kutunga sheria. Florida ilipitisha sheria mwaka 2013 iliyowaondolea mtihani huo vijana wengi waliohitimu katika shule zake za umma, wakaachiwa kuamua wenyewe kama wanataka kozi za maandalizi. Tennessee, kuanzia mwaka 2015, iliacha mtindo wa ngazi katika vyuo vyake vya jamii: mwanafunzi dhaifu huingia moja kwa moja katika kozi ya chuo, na muhula huohuo hupewa darasa la pembeni la kumsaidia. California ilitunga sheria mwaka 2017, ikatekelezwa kikamilifu kufikia mwaka 2019, ikavitaka vyuo vitazame rekodi ya sekondari, na visimpeleke mtu katika maandalizi ila ikionekana hana uwezekano wa kufaulu bila hayo. Kwa miongozo ya huko, mwenye GPA ya 2.6 au zaidi huingia katika Kiingereza cha chuo bila sharti. Aliye chini ya hapo huingia pia, ila hushauriwa kuchukua msaada wa ziada. Mwaka 2022 sheria hiyo ikakazwa zaidi.

Si kila mtu amefurahi. Wapo walimu wa hesabu wanaolalamika kwamba wanaletewa vijana wasiojua sehemu wala asilimia, wakakaa darasa moja na wanaojua, na kwamba ingawa idadi ya wanaofaulu mwaka wa kwanza imepanda, wanaofeli nao wameonekana zaidi, kwa kuwa zamani wangekuwa wamefichwa katika ngazi za chini. Nawaelewa. Pia alama za shule moja si sawa na za shule nyingine, na zipo shule zinazogawa alama kwa ukarimu. Hata hivyo naona sheria ilielekea upande wa haki. Kijana akijaribu kozi ya kweli akaanguka, amejua alipoangukia na anaweza kuirudia. Aliyeambiwa asubiri miezi 18 kabla ya kujaribu hajui lolote juu ya nafsi yake.

Sasa, tayari kwa lipi hasa? Swali hili huulizwa mara chache kuliko inavyopasa. Mwaka 2013 kituo cha kitaifa cha elimu na uchumi cha huko kilitoa ripoti baada ya kuchunguza kozi za mwaka wa kwanza katika vyuo vya jamii saba vya majimbo saba tofauti. Walitazama vitabu, kazi za darasani na mitihani yenyewe. Waliyoyakuta yaliwashangaza wengi. Hesabu zilizohitajika zaidi zilikuwa za shule ya kati: uwiano, asilimia, sehemu, milinganyo myepesi, kusoma jedwali na grafu. Aljebra ya juu ambayo vijana hulazimishwa sekondari ilihitajika na wachache. Vitabu vya kusoma vilikuwa vya kiwango cha darasa la 11 au la 12, lakini vijana wengi walishindwa kuvisoma peke yao, na walimu wa chuo wakajizoesha kuwafupishia. Kwa hiyo mzazi anayetaka kujua kama mwanawe yu tayari asimuulize kama amefika aljebra ya pili. Ampe sura moja ya kitabu cha biolojia au historia, kijana aisome peke yake, kisha aeleze imesema nini na kwa hoja gani.

Kwa watoto waliofika huko wakiwa wakubwa, Kiingereza ndicho mtego. Mtoto wa miaka 16 aliyetoka kambini huongea Kiingereza cha mtaani ndani ya mwaka mmoja au miwili, na wazazi wake, ambao yeye ndiye mkalimani wao, huamini kwamba lugha ameimaliza. Jim Cummins, msomi wa Kanada, alitenganisha tangu mwaka 1979 Kiingereza cha mazungumzo na Kiingereza cha kitabu, na tafiti zake zilionyesha kwamba cha kwanza huchukua kama miaka miwili, na cha pili huweza kuchukua mitano hadi saba. Kijana aliyeingia darasa la 10 akahitimu baada ya miaka mitatu hajaitimiza safari hiyo. Huyo si mjinga, wala hana haja ya kuanza upya na herufi. Anahitaji chuo chenye kozi za Kiingereza cha kitaaluma kwa wageni wa lugha, na ni vyema zile zinazohesabika katika shahada, kwani zipo zinazohesabika na zipo zisizohesabika. Kuuliza kabla ya kujiandikisha hakuna gharama.

Msomi mwingine, David Conley, aliongeza katika mwaka 2007 kwamba utayari hauishii katika masomo. Kuna tabia za mwanafunzi, kama kupanga muda na kujitambua alipokwama, na kuna kule kuujua utaratibu wa chuo: nani wa kumuuliza, fomu ipi ina tarehe ya mwisho, mwalimu hupatikana ofisini saa ngapi. Watoto wetu tumewalea na adabu ya kunyamaza mbele ya mwalimu. Adabu hiyo ni njema na isiondoke. Lakini katika chuo cha Marekani mwalimu hutenga saa maalumu za kukaa ofisini akingoja wanafunzi waje, na asiyekwenda huhesabiwa kuwa ameelewa. Mzazi amweleze mwanawe kwamba kwenda kumuuliza mwalimu kwa upole ni kutafuta elimu, wala si ukosefu wa heshima.

Kisha kuna saa za juma. Hapa nitasema wazi, kwa sababu nadhani ndipo wengi wanapoanguka. Kwa kipimo cha huko, kila saa moja ya darasani hufuatwa na saa mbili za kujisomea, angalau. Mwanafunzi wa muda wote huchukua krediti 12, yaani saa 12 za darasani na 24 za kusoma: jumla 36 kwa juma. Akiwa anafanya kazi saa 30 ghalani ili kusaidia kodi ya nyumba, zimekuwa 66. Bado kumpeleka mama hospitali na kumtafsiria, bado wadogo zake kuwachukua shuleni, bado duksi au madrasa anayofundisha jioni. Kijana huyo hakosi akili, amekosa wakati. Ni bora familia ikae, ihesabu saa hizi kwa kalamu kabla ya muhula kuanza, na ikiwa kazi haiwezi kupunguzwa basi krediti zipunguzwe, ingawa hilo huathiri kiasi cha msaada wa fedha.

Na msaada wenyewe una kikomo. Ruzuku ya Pell, ambayo serikali ya Marekani huwapa wenye kipato kidogo na hairudishwi wala haina riba, hutolewa kwa jumla ya mihula 12 katika uhai wa mtu. Hulipia pia kozi za maandalizi, lakini si zaidi ya krediti 30. Kila muhula wa ngazi za chini hula katika mihula hiyo 12, nayo ndiyo atakayoihitaji akifika chuo kikuu.

Matayarisho mazuri ni ya darasa la 11, wakati bado mwaka mmoja umesalia. Katika California, mtihani wa jimbo wa darasa hilo hutoa matokeo kwa ngazi nne, na humwonyesha kijana kama yu tayari kwa chuo, au kwa sharti la kusoma somo fulani darasa la 12, au bado. Karatasi hiyo hutumwa nyumbani na mara nyingi huishia juu ya friji. Tennessee ilianzisha mpango wa kuwafundisha hesabu za maandalizi wakiwa bado darasa la 12, bila malipo, ili wakifika chuoni waanze kozi ya kweli. Minnesota, ambako Waislamu wa Afrika Mashariki ni wengi, tangu mwaka 1985 inawaruhusu wanafunzi wa sekondari kusoma kozi za chuo kwa gharama ya serikali, na Washington ina mpango kama huo kwa darasa la 11 na la 12. Naupendelea mpango wa namna hii kuliko mtihani wowote, kwa sababu kijana hupimwa kwa kozi yenyewe. Ila alama zake hubaki katika rekodi ya chuo daima, basi asianze na kozi tatu kwa pamoja, moja yatosha.

Lililobaki ni la wale watakaokwenda huko wakiwa wamekwisha kumaliza sekondari huku. Sheria za GPA hazikuandikwa kwa ajili yao, kwani hawana rekodi ya shule ya Marekani, na wengi wao bado watafanyishwa mtihani wa kompyuta. Wafanye mazoezi kwanza, kwa kuwa watungaji wa Accuplacer hutoa maswali ya majaribio bure, na waulize kama mtihani unaweza kurudiwa na baada ya muda gani. Cheti cha kidato cha nne na cha sita cha Tanzania kimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo hakihitaji tafsiri, ila vyuo vingi hutaka kikaguliwe na shirika la kutathmini vyeti vya nje. Aliyesoma Kongo cheti chake ni cha Kifaransa, atahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Na aliyepoteza cheti vitani akiri hivyo mapema katika ofisi ya kupokea wanafunzi, kwa sababu upo mtihani wa kupata cheti kilicho sawa na cha sekondari, na vyuo vya jamii vyenyewe ndivyo mara nyingi hutoa madarasa yake jioni.